Vikope si ugonjwa wa ukoo

Wengi wanaamini trakoma, yaani vikope, ni ya kurithi, maana unakuta bibi, mama na mtoto wote macho yanawasumbua. Si ajabu mtu kufikiri hivyo. Ila kinacholeta ni bakteria, wanahama kwa vidole, nzi na kile kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watatu asubuhi. Jeni nazo zimo lakini, zinachangia jinsi kinga ya mwili inavyopambana, ndo maana watu wawili wakiambukizwa tena na tena mmoja anaweza kubaki na makovu ndani ya kope mpaka vinyweleo vinageuka vinakwaruza jicho, mwenzake anapona tu. Unataka kucheki? Angalia kama aliyeolewa humo, asiye wa damu, naye anaumwa. Na antibaiotiki inatibu maambukizi, jeni haziponi kwa vidonge.