Muhogo mchungu, sianidi na haraka ya jikoni: maswali na majibu

Mvua zikikata na bei ya mahindi ikipanda, muhogo hurudi jikoni hata kwa walioupa kisogo. Ndipo maswali yanapoanza, na vijiweni utasikia majibu mawili tu: "muhogo ni sumu" au "mbona babu zetu waliula". Ukweli umekaa katikati, tena umeshachunguzwa sana na wanakemia, madaktari na wataalamu wa mimea. Haya ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Hivi muhogo una sumu au hauna?

Mzizi mzima ulio ardhini hauna sianidi iliyo tayari kukudhuru. Una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sianidi, na mmea huihifadhi ndani ya seli. Kwenye ukuta wa seli hiyohiyo kuna kimeng'enya, yaani protini inayovunja kemikali nyingine, kiitwacho linamarasi. Viwili hivi vimetenganishwa kama njiti ya kiberiti na ubavu wa boksi lake. Ukikata, ukitwanga, ukikuna au ukitafuna, seli zinapasuka, vinakutana, na sianidi inaachiliwa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huielewa kinyume. Kule kuachiliwa ndiko tunakokutaka! Sianidi iliyoachiliwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo katika mchana wa kawaida wa Mtwara au Kisumu hupaa yenyewe hewani, na nyingine huondoka na maji. Hatari ni ile linamarini iliyobaki nzima ndani ya chakula, kwa kuwa ikifika tumboni bakteria wa utumbo wanaweza kuivunja huko.

Kwa nini mmea ujitengenezee kitu kama hicho?

Kujilinda dhidi ya wanyama na wadudu. Ndiyo maana wakulima wengi hupenda muhogo mchungu kando ya mapori: nguruwe pori na nyani huuacha. Ila kuna sababu nyingine. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, Dimuth Siritunga na Richard Sayre, walitangaza kwamba wamepata mihogo ambayo majani yake hutengeneza linamarini kidogo sana, na mizizi yake ikakosa karibu yote. Mimea hiyo ilishindwa kukua vizuri maabara mpaka ilipoongezewa amonia. Inaelekea linamarini inayotoka majani kwenda mizizini ni njia ya kusafirisha naitrojeni, yaani chakula cha mmea wenyewe. Kwa hiyo kuifuta sumu yote kwa mkupuo si kazi nyepesi kama inavyosikika.

Bibi yetu huloweka muhogo siku nne ndipo auanike. Mimi naona anapoteza muda, jua tu lingetosha. Nani yuko sahihi?

Bibi. Wala si kwa kuwa ni bibi.

Muhogo uliomenywa ukikaa majini siku tatu hadi tano, vijidudu vinavyouchachusha hulainisha kuta za seli, linamarasi inaifikia linamarini, na sianidi inaondoka. Njia hii ikifanywa kikamilifu hutoa zaidi ya asilimia 90. Mama aliyezoea hahesabu hata siku. Huchukua kipande, hukibonyeza kwa kidole gumba, na kikibonyea mpaka ule uzi wa katikati ukavutika bila kubishana, anajua umeiva. Huo ni ushahidi mzuri kwamba seli zimeachia. Maji ya kulowekea yamwagwe mbali na mahali mifugo inapokunywa.

Jua peke yake ni jambo jingine. Vipande vikianikwa kwenye jua kali hukauka haraka, na kimeng'enya bila maji hakifanyi kazi. Sehemu kubwa ya linamarini inabaki imekaushiwa ndani ya makopa, ikingoja kusagwa. Makopa meupe, mazuri ya kupendeza, yanaweza kuwa mabaya kuliko udaga, yaani muhogo uliovundikwa kabla ya kukaushwa, mweusi wenye harufu.

Lakini sisi tunauchemsha tu, tunakula na chai, na hatujawahi kuumwa.

Kwa sababu mnakula muhogo mtamu, ambao linamarini yake ni kidogo na iko zaidi kwenye maganda. Kumenya, kuosha na kuchemsha kunatosha.

Kwa muhogo mchungu kuchemsha hakutoshi. Moto unaua linamarasi mapema, kabla haijafanya kazi, lakini linamarini yenyewe inastahimili joto na inabaki ndani ya kipande. Ukiona kipande kimelainika ukadhani sumu imekufa, kilichokufa ni kile kilichokuwa kikusaidie kuitoa.

Nitautambuaje mtamu na mchungu?

Kwa macho, huwezi. Rangi ya kikonyo au ya ganda la ndani husaidia pale tu unapoijua mbegu hiyo katika eneo hilo. Uchungu mdomoni ni dalili ya kuzingatiwa, kwa kuwa mara nyingi unaenda pamoja na wingi wa linamarini, ila si kipimo cha uhakika. Isitoshe, mbegu ileile hubadilika: mwaka wa ukame mmea hujaza linamarini zaidi, na muhogo uliouita mtamu mwaka jana ukakuchoma ulimi mwaka huu. Muulize aliyeulima. Kama hajulikani, uchukulie kuwa mchungu.

Muhogo wangu umeweka mistari ya bluu na nyeusi baada ya siku mbili. Je, hiyo ndiyo sianidi?

Hapana. Hiyo ni kuharibika kwa kawaida baada ya kuvunwa, mzizi ukijibu majeraha ya kung'olewa. Ladha inaharibika na haupikiki vizuri, basi. Sianidi haina rangi.

Mtu akidhurika, dalili ni zipi na tufanye nini?

Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma, tumbo kuuma, mwili kulegea. Kwa hali mbaya, kupumua kwa shida, degedege na kupoteza fahamu. Huanza saa chache baada ya kula, na dalili kubwa ya kukushtua ni waliokula sufuria moja kuanza kuugua karibu wakati mmoja. Sianidi inazuia seli zisitumie oksijeni, hata kama damu imejaa oksijeni.

Septemba 2017 magharibi mwa Uganda, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula ugali wa muhogo. Unga uliochunguzwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kila kilo. Kiwango cha usalama kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni 10.

Mgonjwa akimbizwe hospitali, na mchukue unga au chakula kilichobaki. Maziwa hayakati sianidi. Yanakula muda tu. Hospitalini kuna oksijeni, na pale zinapopatikana kuna dawa mahususi kama hidroksokobalamini, ambayo ni aina ya vitamini B12 inayoikamata sianidi ili itoke kwa mkojo.

Konzo ni nini, na inahusiana vipi na muhogo?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndio ugonjwa wa muhogo ambao haujulikani hata kwa wanaoishi jirani nao.

Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, na wengine hawatembei tena bila fimbo. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Haiambukizi, haisambai mwilini mwaka hadi mwaka, lakini haiponi. Kilichoumia ni seli za ubongo zinazoamuru misuli ya miguu. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Mwaka 1981 ulilipuka kaskazini mwa Msumbiji wakati wa ukame na kuhesabu zaidi ya wagonjwa 1,000. Daktari Msweden Hans Rosling alikuwa miongoni mwa walioufuatilia, na ndio uliompeleka kwenye utafiti wa miaka mingi. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 Tanzania iliuona Tarime, mkoani Mara, nako wakati wa njaa.

Kwa nini wakati wa njaa? Mwili wenye afya unaweza kuigeuza sianidi kidogo kuwa thiosianati, kitu chepesi zaidi kinachotoka na mkojo. Kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa tunaipata kwenye protini: dagaa, maharage, mayai, nyama, karanga. Familia inayokula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, mboga ikiwa ni majani makavu bila dagaa, inaingiza sianidi nyingi huku ikikosa kile cha kuitolea. Ndipo mtu anapougua katika wiki ambayo wenzake wa mjini wanakula muhogo bila tatizo. Thiosianati hiyo nayo huzuia tezi isipate madini joto, ndiyo maana chumvi yenye madini joto ni muhimu zaidi katika maeneo ya muhogo, ili kuepusha rovu.

Na njaa siyo mkosaji peke yake. Bandundu, Kongo, watafiti walikuta konzo imeongezeka baada ya barabara ya lami kuelekea Kinshasa kujengwa. Wafanyabiashara walikuja na malori, muhogo ukawa fedha ya haraka, na kuloweka kwa usiku tatu kukapunguzwa hadi usiku mmoja. Kule Masasi, kusini mwa Tanzania, watu walipatwa na sumu mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya kutumia njia ya mkato ya kutwanga muhogo mbichi na kuuanika ili unga upatikane upesi. Hakuna aliyekuwa mjinga katika hao wote. Watu waliishiwa akiba, au walipata mnunuzi, na hatua ya kwanza kukatwa ikawa ile isiyoonekana faida yake.

Utafiti wa Michael Boivin, Desire Tshala-Katumbay na wenzao, uliochapishwa mwaka 2013, uliongeza jambo linalonisumbua kuliko hayo. Watoto wa vijiji vyenye konzo ambao miguu yao ilikuwa mizima nao walionyesha upungufu katika baadhi ya vipimo vya akili walipolinganishwa na watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Kwa maneno mengine, asiyelemaa si lazima awe amesalimika.

Nimenunua unga wa muhogo sokoni, sijui uliandaliwaje. Nifanyeje?

Kuna njia rahisi iliyoendelezwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Weka unga kwenye beseni na utie alama ya kimo chake. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Tandaza tope hilo jembamba juu ya jamvi au turubai safi, lisizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, usiuhifadhi kwa kuwa utachacha.

Katika ule muda wa kulowa, linamarasi iliyokuwa imelala kwenye unga mkavu inaamka. Sianidi hushuka mara tatu hadi sita. Bradbury na wenzake wa Kongo waliipeleka njia hii kijiji cha Kay Kalenge, na wakati wanawake walipokuwa wakiifuata, hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo. Bradbury pia alitengeneza kipimo cha karatasi ya njano ya pikrati: karatasi inafungiwa kwenye chupa ndogo pamoja na unga, na kesho yake rangi ikigeuka kahawia, kadiri ilivyokolea ndivyo sianidi ilivyo nyingi. Haihitaji maabara kubwa.

Njia hii ya kulowesha unga haifanyi unga mbaya sana kuwa mzuri kabisa. Unga wenye miligramu 88 ukigawanya kwa tatu bado uko juu ya 10. Ni nyongeza baada ya kuloweka, si badala yake.

Na muhogo mbichi na nazi na karanga unaouzwa mtaani? Wanasema unaongeza nguvu.

Wauzaji wengi Dar es Salaam hutumia muhogo mtamu, na vipande vichache kwa mtu mzima aliyeshiba havileti balaa. Ila unapotafuna muhogo mbichi, mdomo wako ndio unaofanya kazi ya kinu, na kila kinachotolewa unakimeza. Ukiwa mchungu, tema. Watoto wasipewe. Kuhusu nguvu za kiume, utamu wa biashara ni huo, lakini hakuna utafiti wa kuaminika nyuma yake. Karanga angalau zina protini.

Kisamvu nacho kina sumu?

Majani yana linamarini nyingi kuliko mizizi ya muhogo mtamu, lakini yana linamarasi nyingi pia, na sisi tunayatwanga. Kutwanga sawasawa mpaka yalainike kabisa, kisha kuchemsha sufuria ikiwa wazi, kunatoa karibu yote. Wale wanaoyakatakata tu kwa kisu kwa sababu kinu kimekwenda kuazimwa wachemshe kwa muda mrefu zaidi na wamwage maji ya kwanza. Ukiongeza karanga au dagaa, umepata mboga inayosaidia mwili kuitoa sianidi ya ugali uliopo kando yake.

Maganda nimpe mbuzi?

Usimpe mabichi ya muhogo mchungu, hasa mbuzi mwenye njaa, kwa kuwa hula mengi kwa mara moja. Yakate madogo, yaanike kwa kuyageuza siku kadhaa mpaka yavunjike mkononi, kisha umpe kidogo kidogo pamoja na majani mengine.