Kamera ya Wi-Fi getini: maneno ya dukani na mambo ya usiku

Nafunga kamera za nyumbani Dar es Salaam, na siku hizi wateja wengi wanataka zile zisizo na waya. Kwangu ninazo mbili, kwa hiyo siandiki kuzisema vibaya. Naandika kwa sababu napigiwa simu na watu walioibiwa huku kamera iko ukutani, nzima, taa yake inawaka, na haina picha hata moja ya usiku ule. Inaniuma, maana karibu kila mara chanzo kingeweza kuonekana siku ile ile ya kuifunga. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia sana, na ukweli wake kama ninavyoukuta kazini.

"Haina waya, mwizi atakata nini?"

Neno lenyewe linapotosha. Kilichokosa waya ni njia ya picha tu, ile ya kutoka kwenye kamera kwenda kwenye rauta. Umeme bado una pa kupita. Kamera nyingi za Wi-Fi zina adapta na waya mwembamba unaoingia ndani, na mara nyingi naukuta umening'inia chini ya ukingo wa paa, mtu mrefu anaufikia kwa mkono.

Lakini kinachotuangusha zaidi ni umeme kukatika. Mteja mmoja wa Kimara alikuwa na kamera nne, mbili za betri, akaamini hizo mbili hazina habari na giza. Umeme ukakatika mtaa mzima saa nane usiku, ukarudi alfajiri, pikipiki haipo. Tulipofungua programu kwenye simu yake, kipande cha mwisho kilikuwa cha saa saba na dakika hamsini: paka anapita. Kamera za betri zilikuwa hai usiku kucha. Rauta ndiyo iliyozimika, na picha zote zilikuwa zinatunzwa kwenye seva za kampuni, memori kadi hakuna. Zilikuwa zinaona, ila hazikuwa na pa kupeleka.

Dawa yake si ghali. Rauta ya nyumbani inakula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya wati 15, na vipo vibetri vya akiba vya volti 12 vinavyoibeba kwa saa kadhaa. Kama intaneti yako ni ya faiba, hesabu na kile kisanduku cha faiba ukutani, nacho kinahitaji umeme. Halafu nunua kamera inayopokea memori kadi na uiweke hiyo kadi, hata kama unalipia hifadhi ya mtandaoni.

"Simu yangu inashika Wi-Fi hadi getini"

Ukiwa na simu mkononi unafungua ukurasa, unasubiri kidogo, unaona mtandao upo. Kazi ya kamera ni kinyume: inatuma, tena bila kupumzika. Ukuta wa tofali la inchi sita unapunguza mawimbi, nguzo ya zege yenye nondo inayapunguza zaidi, bati na geti la chuma vinayarudisha yalikotoka. Masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 yanapenya kuta vizuri kuliko GHz 5, ndiyo maana kamera nyingi zinayatumia, lakini yana msongamano. Chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kwenye nyumba zilizobanana rauta kumi zinagombea hizo hizo.

Hili la geti nililipata kwa kukosea. Nilifunga kamera kwenye nguzo mchana, mafundi bomba wanaingia na kutoka, geti la kuteleza liko wazi muda wote, picha safi kabisa. Jioni mwenye nyumba akafunga geti na kamera ikatoweka kwenye simu. Lile bamba la chuma sasa lilikuwa limekaa katikati ya rauta na kamera. Tangu hapo sitoboi ukuta kabla ya kuishika kamera kwa mkono pale pale itakapokaa, geti limefungwa, simu ikiwa kwenye bando lake na si Wi-Fi ya nyumbani, dakika kumi nzima.

Na bando lihesabiwe. Video ya 1080p, yaani HD kamili, inayotumwa kwa megabiti 2 kwa sekunde ni megabaiti 900 kwa saa, zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku, kamera moja tu. Wenye kamera za sola zenye laini ya simu, shambani au kwenye kiwanja cha ujenzi, wanalijua hili kwa maumivu: bando likiisha Jumanne, anakuja kujua Ijumaa. Kwa kamera hizo acha kadi ibebe rekodi, mtandao ubebe vipande vya tukio tu.

"Wezi wetu hawajui mambo ya mitandao"

Mwaka 2024 polisi wa Edina, jimbo la Minnesota, Marekani, walieleza kuwa wanashuku wezi wa majumbani walitumia vifaa vya kuziba mawimbi ili kamera za Wi-Fi zisitume picha. Njia ziko mbili. Moja ni kujaza kelele kwenye masafa yale yale ya Wi-Fi. Nyingine ni kutuma ujumbe wa uongo unaoiambia kamera ijitoe kwenye mtandao. Kwa miaka mingi ujumbe wa namna hiyo haukuwa na ulinzi wowote. Kinga ilikuja mwaka 2009 kwenye kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11w, ikawa ya lazima kwenye WPA3, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi wa mwaka 2018, na bado kamera nyingi za bei nafuu zinaishia WPA2, ule uliotangulia.

Mimi hapa mjini sijakutana na wizi nilioweza kuuhusisha na kifaa hicho. Nimekutana na umeme, na bando, na nywila ya rauta iliyobadilishwa bila mtu kukumbuka kamera. Ila kwa nyumba yenye mali ya kuvutia nashauri walau kamera ya mlango mkuu ipitishiwe waya wa mtandao unaobeba na umeme humo humo, na rekodi ikae kwenye kinasa kilichofichwa ndani.

"Nani ahangaike kudukua kamera yangu?"

Anayedukua hana haja ya kukujua. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilikuwa inazunguka intaneti yenyewe, ikibisha hodi kwenye kamera na vinasa picha na kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Vifaa vilivyonaswa ndivyo vilivyotumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti nyingi, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi, hasa Marekani. Desemba 2019, huko Mississippi, Marekani, mtu asiyejulikana alizungumza na mtoto wa miaka minane kupitia kamera ya kampuni ya Ring iliyokuwa chumbani kwake.

Na hatari haitoki nje peke yake. Mwaka 2023 tume ya Marekani inayosimamia biashara na haki za walaji iliishtaki Ring ikidai kwamba iliwaacha wafanyakazi na wakandarasi wake waone video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 Wyze, kampuni nyingine ya kamera za nyumbani, ilikiri kwamba wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha za kamera zisizo zao. Nywila yako iwe ngumu namna gani, hapo haikusaidii. Ndiyo maana sifungi kamera chumbani, hata mteja akiniongezea hela.

Huku kwetu, lakini, tundu kubwa ni sisi mafundi, na hili nalisema wazi hata kama wenzangu watanichukia. Mteja hana barua pepe anayoikumbuka, fundi ana haraka, anaisajili kamera kwa akaunti yake mwenyewe kisha anamshirikisha mteja. Analipwa, anaondoka. Kwenye mfumo, mwenye kamera ni yule fundi. Anaiona sebule yako, anajua lini nyumba haina mtu, na simu yake ikiibiwa, aliyeichukua anaona yote hayo. Dada mmoja wa Tabata alikaa miezi saba hivyo bila kujua. Aligundua siku alipotaka kumwongeza mumewe, programu ikamkatalia kwa kuwa yeye ni mgeni tu kwenye kamera ya nyumba yake. Alinisogezea simu niione, mkono unamtetemeka.

Fungua programu yako leo uangalie. Ikionyesha kwamba kamera umeshirikishwa na mtu mwingine, basi si yako. Mtafute fundi huyo mapema, maana aina kadhaa za kamera hazikubali kusajiliwa upya mpaka mwenye akaunti ya zamani aiachie. Irudishe kamera kwenye hali ya kiwandani, isajili kwa namba au barua pepe yako, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha badilisha na nywila ya Wi-Fi, kwa sababu hiyo nayo fundi anaijua.

"Ni 4K, sura itaonekana"

Wataalamu wa kamera za ulinzi wana kipimo chao: ili umtambue mtu usiyemjua, unahitaji nukta za picha 250 kwa kila mita ya upana. Kamera ya 1080p ina nukta 1,920 kwa upana, kwa hiyo eneo inalolitazama lisizidi mita 7.7. Sasa chukua lenzi ya nyuzi 110, ile inayosifiwa kuona uwanja mzima. Inaufikia upana huo mtu akiwa mita 2.7 tu kutoka kwenye kamera. Kwa 4K, yenye nukta mara mbili kwa upana, ni mita 5 na nusu hivi, tena mwanga uwe mzuri na mtu asiwe anakimbia. Zaidi ya hapo utaona mtu kavaa kofia, basi. Ndiyo maana naomba wateja waache kamera moja pana itazame uwanja, na nyingine nyembamba itazame mlango peke yake.

"Ikiona mtu, simu italia"

Kamera za betri zinalala ili kutunza chaji, zinaamshwa na kihisi kinachopima tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mazingira. Usiku wa Januari Dar es Salaam, ukuta na sakafu vikiwa vimelishika joto la mchana, tofauti hiyo inapungua, na kihisi kinakuwa kizito. Tena kinamwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja. Kikishtuka, kamera inahitaji muda kidogo kuamka, na wewe unaletewa mgongo wa mtu anayeondoka.

Zile za umeme zina tatizo la upande wa pili: zinalia kwa kila kitu. Nimeona uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi, unaorudisha mwanga wa infraredi, ule kamera inaoutumia kuona usiku, hadi picha ikawa kama pazia jeupe linalopepea. Mwenye nyumba alikuwa amezima arifa zote, amechoka. Futa lenzi kwa kitambaa laini kila mwezi, na weka mpaka wa eneo la kutazamwa ili matawi ya mwembe yasihesabiwe.

"Polisi wataangalia kamera"

Wataangalia saa pia. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, kamera nyingi zinaanza kurekodi kwa tarehe isiyo ya kweli mpaka zipate mtandao. Nimeshakuta wizi wa mwaka jana umeandikwa mwaka 1970. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini mahakama inapima jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo toa faili lenyewe kwenye kadi, usitegemee kipande kilichobanwa kwa kutumwa WhatsApp, na kadi hiyo usiirudishe kwenye kamera.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nazima swichi kubwa nyumbani kwangu, nafunga geti, namwambia mwanangu azunguke nyumba mara moja. Kisha namtafuta kwenye simu na kwenye kadi. Mwezi uliopita kamera ya nyuma haikuwa naye. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida, lakini memori kadi ilikuwa imekufa, na rekodi ya mwisho ilikuwa ya siku 16 nyuma.