Tashtiti kwenye bamba la shaba: hadithi ya maadili isiyo na msimulizi

Tashtiti ni neno ambalo wengi wetu tulikutana nalo kwenye somo la fasihi: kumsema mtu au jamii kwa kejeli mpaka aibu ijitokeze yenyewe. Sasa iondolee tashtiti maneno. Ichonge kwenye bamba la shaba, ipige chapa kwenye karatasi, kisha panga picha sita au nane zifuatane kama sura za kitabu. Hapo unapata hadithi ya maadili katika nakshi za tashtiti. Aliyeupa mtindo huu umbo lake ni William Hogarth wa London (1697–1764), aliyeanza kazi akiwa mwanagenzi wa kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha.

Tusiichanganye na katuni ya gazetini. Katuni humchapa mkubwa wa leo kwa kituko cha leo, na wiki ijayo tumesahau. Nakshi hizi humfuata mtu mmoja, mara nyingi mtu wa kubuni, tangu anapokosea njia mpaka anapozikwa.

Mfano mzuri ni kisa cha Moll Hackabout, picha sita zilizotoka mwaka 1732. Katika picha ya kwanza binti wa shamba ameshuka kwenye gari la farasi lililotoka York. Anapokelewa na mama mmoja aliyevaa vizuri, anayemshika kidevu kwa upole. Wakazi wa London hawakuhitaji kuambiwa huyo ni nani: sura ni ya Elizabeth Needham, kuwadi aliyejulikana mji mzima. Mlangoni anachungulia Kanali Francis Charteris, aliyehukumiwa kwa ubakaji mwaka 1730 kisha akapewa msamaha wa mfalme. Padri yupo pia, juu ya farasi, ila amempa binti mgongo, na farasi wake anaangusha rundo la vyungu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni bata bukini. Amelala kwenye mizigo ya Moll, shingo imening'inia, na kikaratasi alichofungwa kinasema ni zawadi kwa binamu anayekaa mjini. Maneno yameandikwa kwa tahajia mbovu. Binamu mwenyewe haonekani popote. Basi, hadithi nzima umeshaipata: binti hana elimu, hana mwenyeji, na ndege aliyemletea ndugu yake amekwisha kunyongwa. Hakuna msimulizi aliyesema neno. Ndivyo mtindo huu unavyofanya kazi: kila kitu kilichoachwa sakafuni au kutundikwa ukutani ni shahidi, na hukumu unaitoa wewe mtazamaji.

Kwa nini shaba? Fundi huchimba mistari kwenye bamba kwa chuma chenye ncha kali, hupaka wino, hufuta juu ili wino ubaki mistarini tu, kisha hukandamiza karatasi yenye unyevu. Bamba moja hutoa nakala nyingi, na picha ya mafuta ambayo ingetundikwa kwa tajiri mmoja hufika kwenye nyumba nyingi. Seti ya Moll iliuzwa kwa gini moja, yaani shilingi 21 za wakati huo, na zaidi ya watu elfu moja waliiagiza. Wezi wa nakala nao hawakulala. Hogarth akapigania sheria bungeni, na seti yake iliyofuata, kisa cha kijana mtapanyaji wa urithi, akaizuia mpaka sheria hiyo ilipoanza kutumika Juni 1735. Ilimlinda mchongaji kwa miaka 14.

Si lazima ziwe picha nyingi. Mwaka 1751, London ilipokuwa imelewa jini (pombe kali ya chupani, si yule wa kupanda kichwani), alitoa picha inayoonyesha kichochoro kimoja cha mtaa wa St Giles. Mama amekaa kwenye ngazi, amelewa, anachukua tumbaku ya kunusa, na mtoto wake anaporomoka kichwa chini. Nyuma yake seremala anaweka rehani msumeno wake, na mama mwingine masufuria yake. Ukiweka rehani msumeno, kesho utafanya kazi na nini? Picha mwenza inaonyesha mtaa wa wanywaji bia, wanene na wenye furaha. Huko mwenye duka la rehani ndiye aliyefilisika, anapitishiwa kinywaji chake kwenye tundu la mlango.

Si kazi zake zote zina makali hayo. Ile ya mwaka 1747 ya wanagenzi wawili, mchapakazi na mvivu, ina picha 12 na aya za Biblia pembezoni. Mchapakazi anakuwa Meya wa London, mvivu ananyongwa Tyburn. Ilikusudiwa vijana waliokuwa wakijifunza kazi, na huenda iliwafaa, ila mimi huiona kama mwalimu anayekusomea jibu kabla hujamaliza kusoma swali.

Linganisha na picha ya mwisho ya Moll. Jeneza limeandikwa kwamba amefariki akiwa na miaka 23. Waombolezaji wamelizunguka. Padri mmoja anamwaga kinywaji chake kwa sababu mkono wake mwingine umo chini ya sketi ya jirani yake. Na mbele ya jeneza amekaa mtoto wa marehemu, anazungushia kamba pia yake ya kuchezea.