Homa si "joto la Mtwara": maswali ya wanafunzi wageni na majibu yake

Nina wiki mbili tangu nifike. Kichwa kinauma, viungo vinauma, usiku natetemeka. Wenzangu wa bweni wanasema ni joto la Mtwara, mwili haujazoea. Nisubiri?

Usisubiri. Joto la pwani hutoa jasho, huchosha na huleta vipele. Halimtetemeshi mtu usiku chini ya mablanketi. Homa ya mtu anayelala Mtwara au Lindi ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Nenda zahanati leo. Si kesho baada ya kipindi, wala Jumatatu baada ya jaribio.

Malaria ni nini hasa?

Ni vimelea vinavyoingizwa mwilini na mbu jike aina ya anofelesi, anayeuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Dalili kwa kawaida hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, ndiyo maana wageni wengi huugua pale wanapodhani wameshazoea mji.

Mbona nikimeza panadol homa inashuka?

Inashuka kwa saa nne hadi sita, basi. Panadol hushusha joto, haiui kimelea hata kimoja. Wewe unajiona una nafuu, huku vimelea vinazaliana ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi huzipasua na kuvamia nyingine. Anayemeza panadol siku tatu akingoja "mwili uzoee" huletwa akiwa amebebwa, na tunawaona hao kila msimu wa mvua. Meza panadol ukiwa njiani kwenda kupima, si badala ya kupima. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofen usiziguse kabla hujapimwa: homa ikiwa ni ya dengue, ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu, zinaweza kukutoa damu.

Nimekulia Nairobi. Malaria kali si ya Wazungu?

Hapana. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, na hupungua mtu akiishi mbali kwa miaka. Aliyekulia Nairobi, au aliyezaliwa Kongo akakaa Ubelgiji miaka kumi, anaugua kama mgeni yeyote. Rangi ya ngozi haikingi. Pima siku ileile ya homa.

Kupima kunachukua muda gani?

Tone moja la damu ya kidole, majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kipimo kikisema huna na homa ikaendelea, rudi kesho yake upimwe tena, ikiwezekana kwa darubini. Jibu la juzi si la leo.

Si ninunue tu mseto, dawa ya malaria, dukani nimeze?

Tafadhali, pima kwanza. Ukimeza bila kupima na homa ikawa ya ugonjwa mwingine, umeupa ugonjwa huo siku tatu za bure. Na kama ulitibiwa malaria majuzi, mweleze anayekupima: kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa kinanasa mabaki ya vimelea. Hapo darubini ndiyo inayotegemewa.

Ukikutwa na malaria isiyo kali na una kilo 35 au zaidi, kwa kawaida utapewa vidonge 24 vya mseto: vinne mara moja, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano maziwa, karanga au korosho. Kwa chai ya rangi dawa hainyonywi vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia vinne hivyo, kisha urudi uongezewe vilivyopungua. Kujisikia mzima siku ya pili si ruhusa ya kumgawia mwenzako vilivyobaki. Mjamzito aseme kabla ya kupewa dawa.

Mwenzangu chumbani anaweweseka. Wengine wanasema ni majini.

Ni hospitali, sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kukaa, kupumua kwa shida, macho ya manjano au mkojo mweusi: hiyo ni malaria kali, inahitaji sindano ya artesuneti. Ukiwa Mtwara mjini nenda Ligula, Lindi mjini nenda Sokoine, upande wa Masasi nenda Ndanda. Mpakie kwenye bajaji au gari, bodaboda ataanguka. Wazazi wapigiwe simu mkiwa njiani.

Nina feni. Chandarua cha nini?

Feni huzimika umeme ukikatika. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, kila usiku, pindo zikiwa zimechomekwa chini ya godoro. Ukipunga upepo ufukweni Shangani jioni, vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya mbu. Vidonge vya kuzuia malaria ulivyokuja navyo hupunguza hatari, haviiondoi: ukipata homa unapima vilevile.

Nikirudi kwetu likizo, nimeshasalimika?

Bado. Homa ikikupata ndani ya miezi mitatu tangu uondoke, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme kabla hujaulizwa: "Nimetoka kusini mwa Tanzania, naomba nipimwe malaria." Daktari wa nchi isiyo na malaria anaweza kukuandikia dawa ya mafua.