Monasteri iliyovuka bahari ikaacha kanisa lake nyuma

Nafanya kazi ya kuhifadhi majengo ya mawe, na jengo ninalolitolea mfano mara nyingi liko North Miami Beach, Florida: monasteri ya St. Bernard de Clairvaux. Watawa wa shirika la Kikatoliki la Wasistersiani waliijenga Sacramenia, mkoani Segovia, Hispania, kati ya mwaka 1133 na 1141.

Mwaka 1925 William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, alinunua ua wa ndani na majengo yaliyouzunguka. Mawe yalibomolewa moja moja, yakafungwa kwa nyasi kavu na kupakiwa kwenye masanduku 11,000 hivi yenye namba. Balaa ilianzia kwenye nyasi. Segovia kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, hivyo maofisa wa kilimo wa Marekani wakazuia mzigo, wakafungua masanduku na kuchoma nyasi zote. Mawe yakarudishwa masandukuni bila kuangalia lipi lilitoka wapi. Hearst naye akaishiwa fedha, na mzigo ukalala ghalani Brooklyn miaka 26.

Ukuta wa kawaida unaweza kustahimili mchanganyiko wa namna hiyo, lakini dari la mbavu haliwezi. Katika veranda za ua ule, mbavu za mawe hupanda kutoka pembeni na kukutana juu, zikabanwa na jiwe la kufungia. Kila kipande kimechongwa kikiwa chembamba chini na kipana kidogo juu, ndiyo maana hakidondoki. Kipeleke kwenye tao lisilo lake, kiungo kitaachia mwanya na uzito utapita kusikotakiwa. Chokaa haiokoi kosa hilo. Waashi waliolijenga upya Florida miaka ya 1950 ilibidi walisome jiwe lenyewe, mkato wake na mpindo wake, mpaka wampate jirani yake. Walitumia miezi 19 na karibu dola milioni 1.5, na bado kuna mawe yaliyokosa mahali.

Kinachoniuma zaidi ni kanisa, maana halikuhamishwa. Limesimama Sacramenia hadi leo. Kwa Wasistersiani, ua huegemea kanisa: mtawa hutoka kusali, hupita verandani, huingia ukumbi wa mikutano au wa chakula. Florida waumini wanasali katika ukumbi ambamo watawa walikuwa wakila chakula. Ni ukumbi mzuri mno, lakini ukiutazama peke yake hutaelewa kwa nini milango iko pale ilipo. Tafuta kwanza ramani ya kanisa la Sacramenia, uisome pamoja na ya Florida.