Je, wajua kwa nini roshani ya meli ya kitalii haina faragha unayoidhania?

Abiria aliyelipia chumba chenye roshani kwenye meli ya kitalii huona amejipatia kipande chake cha bahari. Ufunguo anao yeye, na mbele yake ni maji matupu hadi macho yanapokoma. Ndiyo maana wapo wanaotoka nje asubuhi na nguo ya ndani tu, au bila hata hiyo, wakiamini hakuna wa kuwaona. Ukweli ni kwamba wanaonekana, tena na watu wengi, na sababu kubwa ni jinsi meli zenyewe zinavyojengwa.

Zamani abiria wengi walitazama bahari kupitia kidirisha cha duara, na wengine hawakuwa na dirisha kabisa. Mwaka 1984 Diana, Binti Mfalme wa Wales, aliizindua meli ya Royal Princess huko Southampton, Uingereza. Vyumba vyake vyote vya abiria vilitazama nje, na baadhi vilikuwa na roshani. Makampuni yalipoona kwamba watu wako tayari kulipa zaidi kwa ajili ya hewa ya nje, roshani zikaongezeka mwaka hadi mwaka, na leo ubavu wa meli kubwa ni ukuta wa mamia ya roshani, sitaha (yaani ghorofa ya meli) juu ya sitaha.

Hapo ndipo faragha ilipopungua. Roshani hizo hazikupangwa zote kwa mstari mmoja wa wima. Kwenye meli nyingi sitaha za chini zimetokeza nje zaidi kuliko za juu, kama ngazi. Grand Princess ya mwaka 1998 na meli dada zake ni mfano mzuri: roshani za sitaha ya Dolphin ni pana na hazina paa, na za Caribe, ghorofa moja juu yake, zimefunikwa nusu tu. Aliyeko Dolphin anatazamwa na wa Caribe, na wa sitaha za juu zaidi, kila mmoja akiwa ameegemea reli na kikombe chake cha kahawa. Kwa hiyo roshani iliyo kubwa, ile ambayo abiria huisaka kwa hamu, inaweza kuwa ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Anayejali sitara afadhali atafute roshani ndogo yenye paa, na ikiwezekana ile ambayo ukingo wake ni chuma kitupu badala ya kioo. Wauzaji wa tiketi wangefanya vyema kulisema hili kabla mteja hajalipa.

Oasis of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2009, ilikwenda mbali zaidi. Baadhi ya roshani zake hazitazami bahari hata kidogo, bali zinatazama bustani iliyo katikati ya meli. Ukitoka nje, jirani yako yuko ng'ambo ya bustani, uso kwa uso nawe, na chini yenu watu wanapita kwenda kula.

Vipi kuhusu kiambaza kinachotenganisha roshani mbili? Mara nyingi ni bamba jembamba, lina upenyo chini ili maji yapite, na kwenye meli nyingi mhudumu anaweza kulifungua ili familia iliyochukua vyumba viwili ikae pamoja. Mtu akiegemea reli na kuchungulia kidogo tu, anaona upande wa pili. Sauti haizuiliki kabisa: upepo unaibeba, na ugomvi wa mume na mke saa tano usiku husikika vyumba kadhaa.

Viambaza hivyo vina historia ya majonzi. Usiku wa kuamkia alfajiri ya 23 Machi 2006, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika, ikiwa na abiria zaidi ya 2,600. Moto ulizuka kwenye roshani, na wachunguzi wakaona kuwa huenda chanzo ni sigara iliyotupwa. Viambaza vilikuwa vya plastiki, na samani pia. Moto ukaruka kutoka roshani hadi roshani, sitaha hadi sitaha, na moshi mzito mweusi. Abiria mmoja alifariki kwa moshi huo. Kanuni za kimataifa za usalama baharini, SOLAS, zikarekebishwa: kuanzia 1 Julai 2008, viambaza vya roshani kwenye meli mpya lazima viwe vya vitu visivyoungua. Tangu wakati huo pia makampuni mengi yamepiga marufuku sigara roshani. Kwa hiyo kanuni hiyo inajali kwanza kwamba kiambaza kisiupe moto njia. Kumsitiri abiria ni jambo jingine.

Kuna macho mengine ambayo abiria wengi hawayafikirii. Chumba cha usukani kina mabawa mawili yanayotokeza nje ya ubavu wa meli, ili nahodha aweze kuona kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, anapoifunga meli gatini. Akisimama pale, anaona roshani za upande mzima. Zaidi ya hapo kuna kamera. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa abiria wa meli za kitalii iliagiza reli ziwe na kimo cha angalau inchi 42, yaani takriban sentimita 107, na meli ziwe na vifaa vya kunasa picha au kugundua mtu anapoanguka baharini, kadiri vinavyopatikana. Kamera za kazi hiyo huelekezwa ubavuni mwa meli, na ubavuni ndiko roshani ziliko. Binafsi nakubaliana nazo, kwa sababu dakika chache baharini ni uhai wa mtu.

Meli ikifika bandarini mambo hubadilika zaidi. Meli nyingine inaweza kufunga gati la jirani, roshani zikatazamana. Na sheria ya nchi mwenyeji huanza kumhusu abiria hata kama hajashuka. Machi 2012, abiria wawili Wamarekani walikamatwa Dominica, katika Karibi, baada ya kuonekana kutoka gatini wakiwa uchi roshani, wakatozwa faini. Kwetu pia meli hizi hufika. Bandari ya Malindi, Unguja, imepakana na Mji Mkongwe, na Mombasa gati liko Kilindini. Wanaoinua macho pale ni makuli, askari wa bandari na akina mama wanaosubiri boti, watu ambao hawakuomba kuona utupu wa mtu.

Hao ndio ninaowafikiria zaidi, pamoja na wafanyakazi wa meli. Baharia anayeosha vioo kwa nje au kukagua mashua za kuokolea hawezi kuacha kazi kwa sababu abiria amejianika. Anainamisha uso na kuendelea. Kumstahi ni jambo jepesi: nguo ya kuogelea inatosha kabisa mkiwa katikati ya bahari, na gauni la kuogea ambalo vyumba vingi huwa nalo, au kikoi na khanga kwa aliyezifungasha, hufaa unapotoka kunywa chai. Mkikaribia bandari, vaa kama unavyotaka wenyeji wakuone. Usianike nguo kwenye reli. Upepo wa baharini huzichukua, zikaangukia roshani ya mwenzako au majini.

Usiku tahadhari iongezwe. Taa ya chumbani ikiwaka na pazia likiwa wazi, aliye nje gizani anaona kila kitu ndani, ilhali wewe huoni chochote nje. Wenye vyumba vya omo huombwa kufunga mapazia jua likizama kwa sababu nyingine: mwanga wao huwazuia maofisa wa zamu kuona vizuri njia iliyo mbele ya meli.