Vipimamvua 10 mjini Tabora si ushahidi mara 10

Wengi huamini kwamba vipimamvua 10 vilivyowekwa mjini Tabora hutoa taarifa mara 10 kuhusu mvua ya mkoa mzima. Sivyo. Vituo jirani hunyeshewa na wingu lilelile, hivyo vinarudia habari moja. Tuseme mgawo wa uhusiano kati ya kila viwili, yaani kipimo cha jinsi vinavyofanana (1 ni kufanana kabisa), ni 0.8. Hesabu ya vituo vinavyotoa habari tofauti kweli ni 10 ÷ (1 + 9 × 0.8), yaani takriban 1.2. Vyote 10 vina uzito wa kituo kimoja na ushei!

Uhusiano huo hufifia umbali unapoongezeka, na ule wa mvua ya radi hufifia upesi kuliko wa joto. Kwa Kigoma umbali pekee hautoshi: mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, Kasulu iko nyanda za juu. Mwinuko lazima uingie kwenye modeli, yaani hesabu ya kukadiria mvua pasipo na kituo. Vipimamvua vya Tabora, mimi ningevitawanya mkoani hadi Urambo, Sikonge na Nzega.